Mpaka uko Mandera, hauko First Avenue



Ndugu yangu, dada yangu, wewe unayeishi Isili, Majengo, Pangani, Huruma au Kayole, mpaka wa Kenya na Somalia unaujua hata kama hujawahi kufika Mandera. Umekutana nao usiku ukitoka taraweh. Landikruza kwenye kona, tochi usoni: "Wewe wariya, kipande iko wapi?"

Wakiulizwa, wanasema ni usalama. Sawa. Usalama sisi tunautaka pia, na tena sana, maana mabomu yanatuua na sisi. Tarehe 31 Machi 2014 yalilipuka hapa hapa Isili na watu sita wakafa. Siku chache baadaye ikaja Usalama Watch. Takriban watu 4,000 wakakamatwa, kina mama na watoto wakajazwa kwenye seli za Pangani, uwanja wa Kasarani ukageuzwa korokoro, wengine wakapandishwa ndege hadi Mogadishu. Mwaka huo huo IPOA, chombo cha serikali yenyewe cha kuwachunguza polisi, kikasema operesheni ile haikufuata sheria na ililenga watu kwa kabila lao. Na Aprili 2015 wanafunzi wa Garissa bado waliuawa. Sasa ule msako ulimlinda nani?

Hebu tuulize swali lingine. Kama kuna watu walioingia nchini bila kuandikishwa, waliingilia wapi? Hawakushuka kutoka mbinguni wakatua Garissa Lodge. Kutoka Liboi hadi Isili kuna vizuizi vya polisi njia nzima. Mtu asiye na karatasi akifika hapa amevipita vyote, na kila mtu anajua alivipitaje.

Mpaka ule ulifungwa rasmi mwaka 2011 kwa sababu ya mashambulizi ya Al-Shabaab. Mwaka 2015 wakaanza kujenga uzio kule Mandera. Mei 2023 serikali hizi mbili zikatangaza kwamba mpaka utafunguliwa kwa awamu, halafu Julai Kenya ikaahirisha baada ya mashambulizi mengine. Lakini watu wa Mandera na Bula Hawa ni jamaa. Wanaoana, wanauziana, wanazikana. Ukifunga mlango rasmi, watu hawaachi kupita. Wanapita njia za panya, na hakuna anayeandika majina yao. Gaidi anapenda sana njia ambayo haina daftari.

Si ati Kenya haijui kazi hii. Nenda Busia au Namanga. Tangu 2018 kuna vituo rasmi vya pamoja: maafisa wa nchi mbili chini ya paa moja, unapigwa mihuri yote hapo hapo, jina lako linaingia kwenye kompyuta, unaendelea na safari. Afisa anajua nani ameingia na nani ametoka. Kwa nini Mganda na Mtanzania wajengewe ofisi, na sisi tujengewe uzio? Tunachotaka Mandera na Liboi ni hicho hicho: njia halali, maafisa wa kutosha, na wabadilishwe mara kwa mara kabla hawajazoea kula.

Upande wa pili ni kipande. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya waliamriwa wajiandikishe upya, wakapewa kadi ya rangi ya waridi ili Mkenya "halisi" ajulikane. Waulize wazee wako, watakuhadithia. Baadaye ikaja kamati ya msasa: mwenzako wa Umoja anapeleka cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi, yamekwisha, wewe Msomali au Mnubi unaulizwa kipande cha babu. Februari 2025, Rais Ruto akiwa Wajir alitia saini tangazo la kuondoa msasa huo. Tumshukuru kwa hilo, lakini tangazo si sheria ya Bunge. Aliyekuja na kalamu anaweza kufuatwa na mwingine mwenye kifutio. Na kuna wale Wakenya ambao wazazi wao waliwaandikisha Dadaab wakiwa wadogo, wakati wa ukame, wapate chakula. Alama zao za vidole ziko kwenye mtambo wa wakimbizi, basi wanakua bila nchi ndani ya nchi yao.

Hapa nitasema jambo ambalo wengine halitawapendeza. Polisi wanatuita ATM kwa sababu tunatoa pesa. Mtume (S.A.W.) amemlaani mtoaji rushwa na mpokeaji. Najua masheikh wanamtofautisha anayelazimishwa, na mimi simhukumu mama aliyetoa elfu moja usiku ili mwanawe arudi nyumbani. Namsema yule broka wa mtaani kwetu, tunayempa salamu msikitini, anayeuza vyeti vya kuzaliwa. Kila cheti anachokiuza kinampa karani sababu ya kushuku cha kwako kilicho halali. Tukimfichia siri, tusilalamike tukiambiwa sote ni wa kununua.

Ukikamatwa, Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema uambiwe sababu kwa lugha unayoielewa, una haki ya kunyamaza na ya kuongea na wakili, na ufikishwe kortini ndani ya saa 24. Bondi ya polisi ni bure. Andika namba ya gari, saa na mahali, kisha peleka malalamiko IPOA.

Na kama karatasi yako ya kusubiri kipande imepita miezi sita, tutumie inboksi tarehe na ofisi uliyojiandikisha. Usitume namba wala picha yake. Tunatengeneza orodha ya kuwapelekea wabunge wetu, na orodha ya majina kumi hawataisoma.