Makosa ya Filamu Si Vaibu

Wasee, tuambiane ukweli. Mtu anaosha filamu yake kwa bafu, inatoka na mistari na ukungu, halafu anaposti ati "ndiyo raha ya filamu, haitabiriki." Inatabirika kabisa! Umekataa tu kupima.

Najua kwa sababu nilimpiga shosho picha 36 akichuma chai, nikaja kumwaga fiksa kwenye tangi kabla ya developa. Chupa mbili zinafanana, hakuna lebo. Filamu ikatoka wazi kama nailoni. Nikajifariji na hiyo stori ya vaibu. Sasa shosho kila akipiga simu anauliza picha zake ziko wapi. Nimwambie ni sanaa?

Na usikimbilie kulaumu kamera. Filamu ikitoka tupu, angalia ukingoni. Zile namba na jina la filamu zikionekana nyeusi, developa ilifanya kazi, kwa hivyo tatizo lilikuwa wakati wa kupiga. Zikikosekana nazo, makosa ni ya dawa. Yaani ni wewe.

Halafu hii taa nyekundu ya kwa muvi. Manze, hiyo ni ya karatasi za kuchapishia picha. Filamu kama HP5 inaona nyekundu vizuri sana. Ukiipakia kwa tangi unataka giza totoro, na uvue saa ya mkononi, hizi za kisasa. Meseji moja ikiingia, skrini inawaka, umekwisha.

"Lakini kipimajoto ni bei." Na roli ya filamu ulipewa bure? HP5 kwa ID-11 isiyoongezwa maji ni dakika 7 na nusu, maji yakiwa nyuzi 20. Wewe unachota maji ya saa nane mchana kutoka tangi jeusi la juu ya ploti, bado unahesabu dakika zilezile. Negativu inatoka nzito, unasema filamu ilikuwa imeekspaya. Ilford wana chati ya bure ya kurekebisha muda kulingana na joto. Ama weka chupa kwa beseni lenye barafu, ungoje.

Fiksa nayo usiikisie. Kata kipande cha mwanzo wa filamu, taa ikiwa imewaka, kitumbukize, hesabu mpaka kiwe wazi. Muda huo mara mbili ndio wako.

Nishanunua maka ya kuandika chupa. Jumamosi naenda kwa shosho na roli ingine.