Mtoto Akililia Wembe, Mvishe Miwani Kwanza

Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Huko Glass Buttes, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, mzazi hana hata haja ya kumpa. Wembe wenyewe umetapakaa ardhini.

Glass Buttes ni vilima vilivyo kwenye nyanda kame kati ya miji ya Bend na Burns. Mamilioni ya miaka iliyopita, lava nzito ilitoka hapo ikapoa kabla ya kufanya chembe za fuwele kama mawe mengine, ikawa kioo. Ndicho kinachoitwa obsidiani. Kipo cheusi tititi, kipo cha hudhurungi kwa sababu ya madini ya chuma, na kipo ambacho ukikigeuza juani kinang'aa dhahabu au rangi za upinde wa mvua.

Hapo ni ardhi ya umma, na familia huruhusiwa kuokota kwa matumizi yao, si kwa biashara. Mtoto hufurahi kuliko dukani, maana kila hatua anaona kitu cha kubeba. Hapo ndipo mzazi anapojisahau.

Kioo hiki kikivunjika, ukingo wake unaweza kuwa mkali kuliko wembe. Kwa maelfu ya miaka wenyeji asilia walikichonga kuwa visu na ncha za mishale. Wageni wengi wakumbuka kubeba tairi la akiba, kwa kuwa vigae vya njiani hutoboa matairi. Ni jambo jema. Lakini tairi lina spea, jicho halina. Mtoto akigonga jiwe kwa nyundo, vipande huruka kila upande, na aliyesimama pembeni huumia sawa na aliyegonga.

Kwa hiyo, mzazi, miwani ya kukinga macho ivaliwe na kila mtu kabla ya nyundo kutoka kwenye gari. Ongeza glavu za ngozi, suruali ndefu na viatu vilivyofunika mguu. Ndala zibaki nyumbani. Beba ndoo, kwa sababu mfuko utachanika. Beba pia maji ya kutosha na sanduku la huduma ya kwanza. Mkifika nyumbani, mawe yakae mbali na mtoto anayetambaa.

Kabla ya safari, uliza ofisi ya ardhi ya umma mnaruhusiwa uzito gani na sehemu zipi zina wachimbaji wenye haki zao. Mkikuta ncha ya mshale iliyochongwa, iacheni palepale. Hiyo ni kazi ya mikono ya watu, na sheria inailinda.

Jioni, kabla ya kuondoka, mwambie mtoto amwage ndoo yake achague machache anayoyapenda kweli, mengine ayaache. Atanuna kidogo. Lakini atakuwa amejifunza kwamba si kila king'aacho ni cha kubebwa, na mtoto mwingine atakayekuja kesho naye atakuta cha kuokota.