Kabla Ufute Ile "Ssss", Angalia Karatasi ya Kaseti

Wasee, kuna kitu tunaharibu bila kujua. Unatoa kaseti za wazazi kwa droo, unaziingiza kwa kompyuta, unasikia ile "ssss" nyuma ya sauti, unabonyeza kitufe kimoja cha kusafisha, kwisha. Nilifanya hivyo na kaseti ya shosho, ambaye hayuko tena. Ikatoka safi kabisa, lakini ni kama mtu anaongea akiwa ndani ya chupa. Mathe akasikiliza sekunde chache, akasema, "Huyu si yeye."

Kosa lilikuwa langu. Kwa karatasi ya kaseti kulikuwa na kisanduku kimetiwa tiki: Dolby NR. Mimi nilidhani ni urembo.

Sasa sikia. Ray Dolby, Mmarekani aliyeanzisha kampuni yake London mwaka wa 1965, alijua utepe lazima uvume. Wa kaseti ndio mbaya zaidi: ni mwembamba na unaenda polepole, sentimita 4.76 kwa sekunde. Badala ya kupigana na kelele baadaye, yeye alijipanga mapema. Ukirekodi, mashine inapandisha zile sauti nyembamba zilizo hafifu, kama pumzi na mwisho wa maneno. Ukicheza, inazishusha kwa kiwango kilekile, na mvumo wa utepe, ambao uliingia hapo katikati, unashuka nazo. Dolby B, ile ya nyumbani iliyotoka 1968, inapunguza mvumo kama desibeli 10. (dbx inapunguza zaidi, lakini bila mashine yake hata hausikilizi, tuiache.)

Mimi nilicheza kaseti bila kuwasha Dolby, kwa hivyo hakuna kilichoshushwa. Halafu programu ikaanza kukisia kelele ni gani, ikala pumzi za shosho.

Najua mtasema nani ana muda wa kutafuta mashine ya kizamani. Sawa, lakini basi weka kwanza nakala chafu, usiiguse. Hiyo tu.

Mimi niliazima mashine ya mzee wa jirani, nikawasha Dolby. Shosho anavuta pumzi kabla ya kucheka. Mathe aliniambia nirudishe hapo mara tatu.

Bado niko na kaseti mbili. Moja haina tiki, na hiyo nikiiwashia Dolby itasikika kama imefunikwa blanketi, so naicheza vile iko.