Salamu si Makapi

Umezuka mtindo, na sasa umekuwa kama sheria, wa kuipima fasihi kwa ukubwa wa jambo linalosimuliwa. Shairi likitaja ukombozi, usaliti au mauti, wahakiki huvaa miwani. Likitaja mtungi uliovuja, jirani asiyerudisha jembe, au safari iliyokawia kwa sababu nahodha bado anakunywa chai, hulikunja wakaliweka kando. Hayo, wasema, ni mambo ya barazani. Kana kwamba baraza sipo Kiswahili kilipolelewa!

Hukumu hiyo imewaonea wengi, lakini aliyeonewa zaidi ni mzee mmoja wa Ziwa Viktoria. Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika kisiwa cha Ukerewe, ambacho msafiri wa Mwanza hukifikia kwa kivuko kiendacho Nansio. Aliandika riwaya kwa Kikerewe, lugha ya mama yake, akaikamilisha mwaka 1945. Kwa lugha hiyo hakupata mchapishaji. Basi, naye keshakuwa mzee, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na mwaka 1980 Tanzania Publishing House ikaitoa kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Miaka thelathini na mitano ya kungoja. Mwaka uliofuata mwandishi akafariki.

Alipokwisha kufa, sifa zilikuja, nazo zilikuja zimefungwa kamba. Kitabu ni hazina ya mila, walisema. Ni ghala la desturi za Wakerewe, kitawafaa sana wachunguzi wa makabila. Ama kama riwaya, mh, kinachosha: salamu nyingi, mapishi mengi, watu wanatoka kwenda mahali na kurasa zinapita hawajafika.

Kisa chenyewe kinaweza kuelezwa kwa pumzi moja. Bugonoka hajajaliwa mtoto. Jamaa za mumewe wanamsimanga. Wazazi wake wanaudhika, wanamchukua binti yao. Myombekere anampenda mkewe na hataki mwingine, kwa hiyo anawafuata wakwe kuomba radhi, naye anatozwa faini ya pombe ya ndizi. Mwenye haraka atauliza: kama ni hivyo tu, kurasa zaidi ya mia sita ni za nini?

Ni za pombe. Pombe ya ndizi haipikwi kwa sentensi moja. Kandokando ya ziwa lile kila mtu ajua kwamba ndizi huivishwa kwanza, hukamuliwa kwa nyasi, maji yake yakatiwa mtama, kisha yakaachwa yachachuke, na yakiharibika hakuna wa kulaumiwa ila mwenyewe. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Yataka wasaidizi, na msaidizi haitwi kama mbwa: huamkiwa, huulizwa hali ya nyumba yake na ya mifugo yake, naye hujibu na kuuliza vivyo hivyo. Kila salamu inamchelewesha Myombekere kumpata mkewe, na msomaji anayeikereka salamu hiyo yumo mle mle alimo Myombekere, anakereka pamoja naye. Huo ndio ufundi. Wahakiki waliohisi uchovu walihisi sawasawa, ila waliudhania kuwa ni kosa la mwandishi.

Katika riwaya nyingine mpenzi hulia, huapa, hutishia kujitosa majini. Myombekere hutafuta ndizi. Mapenzi yake yanapimwa kwa adha anazozistahimili, moja baada ya moja, bila hotuba, na aliyewahi kuishi na mke au mume kwa miaka ishirini anajua kipimo kipi ndicho cha kweli.

Yupo atakayejibu kwamba Kitereza mwenyewe alisema aliandika ili lugha na desturi za wazee zisipotee. Ni kweli. Lakini mtu anayetaka kuhifadhi desturi tu huziorodhesha: ndoa zao, mazishi yao, mitego yao ya samaki. Kitereza hakufanya hivyo kitabuni humu. Alimchukua mume mmoja na mke mmoja, akawatia wivu, aibu, njaa na ukaidi, kisha akaziachia desturi ziwabane. Desturi isiyombana mtu haina hadithi, na yeye alilijua hilo bila kufundishwa na mhakiki yeyote.

La kushangaza ni kwamba dharau hii imepata wafuasi hata Pwani. Mwana Kupona alipomtungia bintiye utendi, mwaka 1858, alisema nini? Alimwambia namna ya kuzungumza na watu, kumtunza mume, kumkanda, kumfukizia manukato, kutomwamsha ovyo alalapo. Yote ni ya chumbani na ukumbini, na hakuna aliyewahi kuutupa utendi ule akisema ni daftari la mila za Pate. Muyaka bin Haji naye anasifiwa mpaka leo kwa sababu aliushusha ushairi ukatembea sokoni Mombasa, ukasikiliza watu wanavyogombana. Lililo halali kwa Mombasa, kwa nini liwe haramu kwa Ukerewe?

Husemwa pia kwamba Kiswahili cha Kitereza kinakwaruza. Kinakwaruza, naam. Ni Kiswahili cha mtu aliyeota kwa Kikerewe, na ndiyo maana Gabriel Ruhumbika, naye mwana wa Ukerewe, alipoifasiri riwaya kwa Kiingereza, tafsiri iliyotoka Dar es Salaam mwaka 2002, aliirudia hati ya Kikerewe. Hata hivyo Wajerumani waliipata yao mapema zaidi, kwa majuzuu mawili, 1991 na 1993. Wapenzi wa tenzi wanaovumilia maneno magumu ya hati za kale, wakaona fahari kuyafumbua, wangeweza kumvumilia mzee wa ziwani kwa kurasa chache.

Hasara ya mtindo huu haikomei kwa marehemu. Mwanza ya leo imejaa mambo yanayosubiri kalamu: wanaume wanaocheza drafti kwa vifuniko vya soda na kugombana juu ya kete moja kwa saa nzima, mwanamke aliyetandaza dagaa juu ya mchanga, macho kwenye wingu, asijue awaanue sasa au angoje, vidudu vya ziwani vinavyoinuka kama moshi na kuingia hata katika chakula kilichofunikwa. Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, urefu wake kilomita tatu, na foleni ya kivuko pale ikawa historia. Ni rahisi kulitungia daraja shairi la sifa. Foleni ile je? Watu walizeeka ndani yake. Walikula mahindi ya kuchoma, wakapatana bei, wakakosa maziko ya ndugu zao kwa sababu gari lao lilikuwa la mwisho na kivuko kimejaa. Nani aliona kuwa hiyo ni mada?

Na ziwa lile lile linaonyesha jinsi udogo wa jambo unavyodanganya. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Ukara, wilayani Ukerewe. Kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Baada ya hapo tungo za maombolezo zilipata nafasi, maana sasa jambo lilikuwa kubwa. Wasomaji wa visiwani hawana haja ya kuelezwa zaidi; wanaikumbuka MV Spice Islander na mkondo wa Nungwi, Septemba 2011.

Lakini kubanana juu ya kivuko kulikuwako kabla ya msiba, kukiitwa kero, kukizoeleka: kikapu cha mtu juu ya mguu wa mtu, mtoto anayelia, mzee anayeguna kwamba chombo kimeinama na kijana anayemcheka. Mguno kama huo ndio Kitereza angeupa ukurasa mzima, pamoja na salamu zilizoutangulia. Ndio pia ambao mhariri wa leo huufuta kwa wino mwekundu, akimwandikia mshairi pembeni kwamba alete jambo zito.