Saa Kuukuu ya Mkono: Itazame Kabla ya Kulipa

Vijana kadhaa wa huku kwetu Kivu, waalimu na wanafunzi wa madarasa ya juu, wameingiwa na pendo la saa kuukuu. Hawazitaki zile za betri ziuzwazo kwa mafungu huko Birere, mjini Goma. Wazitaka zile za kutiwa ufunguo, au zijitiazo zenyewe kwa mwendo wa mkono, walizovaa makatekista, makarani na wauguzi wa zamani. Sisi hatuoni ubaya wa pendo hilo. Saa hizo zilitengenezwa ili zifunguliwe, zisafishwe na kurudishiwa uhai, na mtu ajifunzaye kuzitazama hujifunza pia kutazama vitu vingine kwa utulivu. Lakini mwenye kuanza hudanganyika upesi. Tena, na neno hili litatuchukua nafasi hapo chini, aweza naye kudhulumu.

Na tuanze na mgongo wa saa, si uso wake. Uso hupakwa rangi. Mgongo husema kweli mara nyingi zaidi. Chukua Seiko 5, ambayo Wajapani walianza kuiuza mwaka 1963 nayo ikaenea Afrika nzima. Katika kifuniko cha nyuma mna namba mbili. Ya kwanza huanza na alama nne za mtambo, mathalan 7009 au 7S26, kisha hufuata nne za kasha. Ya pili huwa na alama sita, nazo mbili za mwanzo ni tarehe: ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi. Basi 84 maana yake ni mwezi wa Aprili, mwaka uishiao na 8. Oktoba huandikwa 0, Novemba N, Desemba D. Namba hiyo haitaji muongo, na hapo ndipo mtambo hutusaidia. 7S26 ilianza mwaka 1996. Muuzaji akiapa kwamba saa yenye 7S26 baba yake aliivaa siku ya Uhuru, tarehe 30 Juni 1960, usibishane naye. Mrudishie kwa adabu. Ni vivyo hivyo kwa saa ya betri yenye neno Quartz usoni, kwa kuwa ya kwanza ya mkono ilianza kuuzwa Tokyo tarehe 25 Desemba 1969.

Sasa geuza, utazame uso. Saa ya miaka 40 au 50 ina haki ya kuzeeka. Rangi iliyofifia kidogo, madoa machache pembeni, mishale iliyopoteza mng'ao: hayo hayatuogopeshi. Linalotuogopesha ni uso mpya ndani ya kasha lililochakaa. Saa nyingi za namna hiyo huunganishwa mjini Mumbai, huko India, kwa vipande vya saa tatu au nne zilizokufa, kisha hupakwa rangi kali za machungwa au buluu ili zipendeze machoni. Tazama maandishi kwa kioo cha kukuzia: je, herufi ni nyembamba na zimenyoka, au ni nene kama zilizoandikwa na mtoto? Katika Seiko, maandishi madogo kabisa chini ya uso kwa kawaida huanza na namba ile ile ya mtambo iliyo mgongoni. Zikipingana, uso huo umetoka kwenye saa nyingine.

Kisha iweke sikioni. Mtambo mzima hupiga sawasawa, upesi, pasipo kusita. Ule wa 7009 hupiga mara 21,600 kwa saa moja, yaani mara sita kwa kila sekunde. Kijana asiyejua huzungusha kifundo cha pembeni cha Seiko 5 ya 7009, akiona kamani haikazi hudhani imekatika. Haikukatika. Mtambo huo hautiwi ufunguo kwa mkono. Itikise polepole mara ishirini au thelathini, uone kama mshale wa sekunde utaondoka. Omba ukae na saa usiku na mchana, uilinganishe na saa ya redio. Kupotea dakika moja au mbili kwa siku si aibu kwa chombo cha umri huo. Ikikimbia dakika kumi, huenda imeshikwa na sumaku, maradhi ya siku hizi ambapo twaishi karibu mno na spika na simu. Dira ndogo ya wanafunzi yatosha kuipima: isogeze karibu, na sindano ikitetemeka umekwisha kujua. Ugonjwa huo fundi huuponya kwa muda mfupi, basi usiukimbie. Uondoe tu katika bei.

Kwa sisi tukaao kando ya Ziwa Kivu, adui mkubwa ni maji. Neno la kuzuia maji lililoandikwa mgongoni lilikuwa kweli siku ile saa ilipotoka kiwandani. Mipira yake ilikwisha kukauka zamani. Ishike saa kiganjani mpaka ipate joto, kisha dondosha tone la maji baridi juu ya kioo. Ukungu ukitokea chini ya kioo, unyevu umo ndani, na kutu huenda pamoja nao. Kutu katika mtambo ndiyo sababu moja ambayo sisi twasema bila kusitasita: usinunue, hata ukipewa kwa bei ya chumvi.

Liko jambo jingine liwahusulo hasa Wakongo. Saa nyingi za zamani zina namba zing'aazo gizani, na zile za kabla ya miaka ya 1960 mara nyingi zilipakwa radiamu. Radiamu hiyo ilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka Shinkolobwe, katika Katanga, ambako mawe yake yaligunduliwa mwaka 1915. Tangu 1922 kampuni ya Union Minière iliyasafisha huko Olen, nchini Ubelgiji, ikawa muuzaji mkuu wa radiamu duniani. Mali ya ardhi yetu ilikwenda Ulaya, na huenda chembe yake ikarudi kwetu mkononi mwa karani. Huko Marekani wasichana waliopaka nyuso za saa waliagizwa kuichongoa brashi kwa midomo. Mifupa ya taya zao iliharibika, na wengine walikufa. Watano kati yao walishtaki huko New Jersey mwaka 1927, wakapata maafikiano mwaka 1928.

Saa ya namna hiyo haing'ai tena, kwa kuwa dawa iliyochanganywa na radiamu imechoka. Radiamu yenyewe haijachoka: nusu yake huhitaji miaka 1600 ili ipotee. Basi usiifungue mwenyewe, usikwangue namba zake, usiiweke chini ya mto wa kulalia, na watoto wasiichezee. Ukiona chini ya uso herufi T mbili, moja kila upande wa neno Swiss, hiyo ni tritiamu, ambayo hupungua nusu kwa miaka 12 na kitu. Ya namna hiyo haitutii hofu.

Tumekwisha kumlinda mnunuzi. Na muuzaji je? Mwanzo wa Februari 2024 vita vilifika Shasha, na barabara ya Sake hadi Minova ikafungwa. Watu walikimbia na walichoweza kubeba. Saa ni nyepesi kubeba. Mjane aliyeificha saa ya marehemu katika kitenge chake, leo akiitoa ili anunue unga, hajui tofauti ya Omega na saa ya plastiki. Kijana aliyesoma mambo haya anaijua. Je, anyamaze, alipe dola tano?

Swali hili si geni. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilijibu katika karne ya 13, alipoandika juu ya kuuza na kununua. Asema kwamba mtu akiuza dhahabu akidhani ni shaba, na mnunuzi anajua kwamba ni dhahabu, mnunuzi huyo amenunua kwa dhuluma, naye amefungwa kurudisha. Twaona hakuna saa iliyo wazi kuliko hiyo dhahabu. Wako watakaosema kwamba ujuzi nao una ujira wake. Kweli, una ujira; fundi alipwe kwa ufundi wake, na mnunuzi apate faida ya haki kwa taabu ya kutengeneza. Lakini ujinga wa mwenye njaa si bidhaa.

Tena, siku za vita saa nyingi hutembea bila wenyewe. Saa nzuri mkononi mwa mtu asiyeweza kueleza ilikotoka, au asiyetaka kukutana nawe mbele ya shahidi, iache.

Kwa yule mjane, twashauri hivi. Mwambie kwanza ni saa ya namna gani na yaweza kufikia bei gani mjini. Akitaka bado kuuza, andikeni karatasi mbili zenye namba ya mgongoni, bei, tarehe, na muda wa miezi sita ambamo akirudi na fedha zile zile atarudishiwa saa yake. Karatasi moja aichukue yeye, nyingine ikae kwa katekista. Katika miezi hiyo usiing'arishe saa wala usibadili uso wake. Na kama nyuma yake limechongwa jina la marehemu, liache hata baada ya miezi sita.