Somo la saa moja lina megabaiti ngapi?

Leo tupige hesabu kidogo. Naona vyuo vyetu vimeanza kuisahau.

Tarehe 13 Machi 2020 serikali ya Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akaamuru shule zifungwe, na vyuo vikuu vikapewa hadi Ijumaa, tarehe 20. Wanafunzi wa Rongo wakafunga mizigo, na wa Tom Mboya pale Homa Bay pia (wakati huo kikiwa bado chuo kishiriki cha Maseno). Binamu yangu, aliyekuwa akisoma mbali zaidi, akarudi kwetu Suna na begi moja na simu yenye kioo kilichopasuka.

Baadaye chuo chake, ambacho sitakitaja, kikasema masomo yanaendelea mtandaoni. Mtandaoni maana yake ilikuwa video ya moja kwa moja, saa mbili asubuhi. Kwetu mtandao unashika vizuri ukisimama chini ya mwembe ulio karibu na barabara. Basi akawa anasimama hapo. Mhadhiri anaganda mdomo wazi, bando linaisha, kijana anaenda kukopa salio. Siku moja akanipigia: "Omera, si wewe ndiye mtu wa kompyuta? Mbona mtu mmoja akiongea tu anamaliza pesa zangu hivi?"

Swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa kazini!

Video ya kilobiti 600 kwa sekunde, ambayo wala si safi sana, hula megabaiti 270 kwa saa. Sauti ya mhadhiri peke yake, kwa kilobiti 32, ni megabaiti 14.4. (Gawanya kwa 8 upate kilobaiti, kisha zidisha kwa sekunde 3,600.) Ongeza megabaiti 2 za kurasa za maelezo. Kwa bando la somo moja la video unapata masomo 16 ya sauti, tena unayahifadhi na kuyasikiliza usiku data ikiwa imezimwa.

Aliyemwokoa binamu yangu ni mhadhiri mmoja mzee ambaye hakuuelewa kabisa mfumo mpya wa chuo. Alijirekodi kwa simu yake, akapiga picha daftari lake, akatuma vyote kwa WhatsApp. Hilo ndilo somo ambalo binamu alilipita vizuri muhula ule.

Wakati huohuo wakubwa walikuwa wanatazama juu. Julai 2020 Telkom Kenya na kampuni ya Loon walianza kurusha intaneti kwa maputo angani, magharibi na katikati ya nchi. Januari 2021 Loon ikatangaza inafunga kazi. Mimi napenda sana uhandisi wa namna ile, lakini kupunguza uzito wa faili hakuhitaji puto.

Siku hizi wanafunzi wamerudi madarasani, na mifumo ya 2020 mingi niliyoiona imebaki mahali pa kutundika PDF. Kenya ina Chuo Kikuu Huria pia, kilichopewa hati Agosti 2023 kule Konza. Nimefurahi. Ila ningependa kila chuo kiandike uzito wa somo kando ya jina lake, kama mwenye duka anavyoandika bei. Sauti na maandishi vitangulie, video iwe ya anayeimudu. Moodle ni programu huria iliyoko tangu 2002, na programu yake ya simu inakubali kupakua masomo ukayasoma bila mtandao, mradi msimamizi wa chuo ameruhusu. Mtandao wa KENET unavifikia vyuo, sawa, lakini haufiki chini ya mwembe.

Kuna masomo yasiyofundishika kwa sauti, najua. Huwezi kumwelekeza muuguzi kufunga jeraha kwa maneno matupu. Hapo video fupi ya dakika tatu ina kazi yake, lakini saa nzima ya kuutazama uso wa mtu, hapana.

Rekodi za yule mzee bado zimo kwenye kadi ya simu ya binamu. Juzi alimnakilia dada yake mdogo, anayesoma kozi ileile. Muhula mzima, megabaiti 400 na ushei.