Mtoto wa operesheni na maneno ya majirani



Wiki iliyopita, saa ya kutoka masomo, mama mmoja alibaki mlangoni pa darasa letu. Mtoto wake alikohoa usiku kucha, kifua kikipiga filimbi, na daktari akasema ni pumu. Lakini si pumu iliyomliza. Jirani alimwambia: «Ni kwa sababu ulizaa kwa operesheni. Ungesukuma kama wanawake wengine, mtoto angekuwa mzima.» Tulimpa kiti, tukamsikiliza, tukamwahidi kuandika habari hii hapa.

Jirani yule aliokota ukweli kidogo, akaufanya fimbo. Tuanze na huo ukweli.

Mtoto anayezaliwa kwa njia ya kawaida hupokea vijidudu vya mama yake. Vingi ni rafiki: hukaa matumboni mwa mtoto na kuufundisha mwili kutofautisha adui na mgeni asiye na ubaya. Mtoto wa operesheni hupokea kwanza zaidi vile vya ngozi na vya hospitali. Mwaka 2010 watafiti waliochunguza watoto wachanga 10 huko Venezuela waliona tofauti hiyo. Wataalamu wanafikiri kwamba mwili uliokosa somo hilo mapema unaweza kupigana bure na vumbi au chakula. Hiyo ndiyo alerji.

Sasa tufanye hesabu, maana sisi ni walimu. Tafiti nyingi zikijumlishwa, pumu inaonekana kwa watoto wa operesheni karibu mara 1.2 kuliko kwa wengine. Tuseme kati ya watoto 100 waliozaliwa kwa njia ya kawaida, 10 wanapata pumu. Kwa watoto 100 wa operesheni watakuwa kama 12. Wengine 88 hawana. Kuhusu alerji ya chakula, tafiti hazikubaliani: Sweden waliona imeongezeka kidogo, Australia hawakuona tofauti. Basi nani anaweza kumnyooshea kidole mama mmoja na kusema «ni wewe»?

Kuna habari njema zaidi. Huko Denmark walifuata watoto mpaka miaka 6. Watoto wa operesheni ambao vijidudu vya matumbo yao vilikuwa vimekomaa vizuri kufikia mwaka mmoja, hawakuonekana kuwa na hatari kubwa ya pumu kuliko wengine. Mlango haufungwi siku ya kuzaliwa.

Tufanye nini basi?

Mtoto awekwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, anyonye katika saa ya kwanza, au mara tu mama anapoweza. Maziwa ya kwanza ya manjano yasimwagwe. Miezi 6 ni titi peke yake, kisha chakula pamoja na titi mpaka miaka 2 au zaidi.

Akifika miezi 6, karanga zilizosagwa laini zitiwe kidogo kwenye uji. Utafiti wa London wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kuanza karanga mapema kunapunguza sana alerji yake. Karanga nzima asipewe, zitamkaba. Mtoto mwenye ukurutu mkali aonwe kwanza na daktari. Midomo ikivimba au pumzi ikikata baada ya kula, kimbieni hospitali palepale.

Antibiotiki zisinunuliwe bila amri ya daktari. Mbabula ya makala iwekwe nje, mbali na mtoto. Na msimpake mtoto uchafu wa ukeni kwa kitambaa eti kumrudishia vijidudu: magonjwa yanaweza kupita humo.

Neno letu la mwisho ni zito. Kwetu Afrika kusini mwa Sahara, watoto kama 5 tu kati ya 100 huzaliwa kwa operesheni. Shida yetu kubwa ni ile inayochelewa. Mtoto mwenye pumu anatunzwa. Mama aliyefariki harudi. Daktari akisema mtoto amekwama, msikubali mtu awaambie mngoje kwa kuogopa alerji.

Katika mkutano wenu wa wiki hii, ulizeni: katika kikundi chetu, nani alichekwa kwa sababu ya kovu lake? Mpeni nafasi aseme. Kovu lile ni njia ambayo mtoto alipitia, naye mama akabaki hai kumlea.